Mbwa, Dagaa na Mchanga wa Katonga

Jambo la kwanza la kushukuru kwa mwenye mbwa anayeishi Kigoma ni kwamba maji yetu hayana chumvi. Aliyewahi kumpeleka mbwa Coco Beach, Dar es Salaam, anaijua shida yenyewe. Mnyama ana kiu, joto limemzidi, anakimbilia mawimbi na kunywa kwa pupa, kisha anatapika njia nzima ya kurudi nyumbani. Maji ya bahari humkausha mbwa badala ya kumpoza, na akinywa mengi yanaweza kumuua. Ndiyo maana watu wa pwani wenye mbwa hutoka na chupa ya maji na bakuli. Tena wana hesabu nyingine, ya maji kupwa na maji kujaa: mchanga uliokuwa mpana saa mbili asubuhi, saa nane mchana bahari imeshaumeza. Huku kwetu ziwa halina mambo hayo. Mbwa anakunywa palepale anapoogelea, na mchanga ulioukuta asubuhi ndio utakaouacha jioni.

Nalisema hili kwa sababu kila nikipita na Popi, mbwa wangu, hakosi mtu wa kuuliza, mbwa wa nini ufukweni? Swali si baya. Mtaani kwetu mbwa ana kazi moja tu, kulinda. Mchana anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani, na watoto wa jirani wanamjua kwa kubweka. Mbwa wa namna hiyo siku akitoka nje ataogopa kila kitu, na kila mtu atamwogopa yeye. Halafu tunasema mbwa wa kienyeji ni wakali. Mimi naamini mbwa anayetembezwa, akazoea mbuzi, bodaboda, wabeba magunia na watoto wenye kelele, ndiye mlinzi mzuri, maana anajifunza kumtofautisha mpita njia na mwizi. Na kwa Kigoma sijaona mahali pa kumtembezea panapoupita ufukwe.

Popi ni jike wa kienyeji, kahawia iliyofifia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Akifika majini hasiti. Anaingia mpaka kifuani, anazamisha pua, anapuliza, anaitoa, anazamisha tena. Akiridhika anarudi nchi kavu na kujiviringisha mgongo mchangani, miguu yote minne juu, mpaka anakuwa mweupe wa mchanga. Kisha anasimama na kujikung'uta kuanzia kichwani, mtikisiko unashuka mgongoni hadi unaishia kwenye ncha ya mkia. Ukiwa karibu utalowa. Hilo la kujikung'uta nitalirudia, maana Ujiji si jambo dogo.

Mji wetu unatazama magharibi. Jua huchomoza nyuma ya vilima, kwa hiyo asubuhi mchanga wa fukwe nyingi hukaa kivulini kwa muda kabla haujaanza kuwaka. Huo ndio wakati wa mbwa. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na nyayo zake ni ngozi tupu. Kuna kipimo rahisi: bandika mgongo wa mkono wako kwenye mchanga, hesabu taratibu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, basi naye anaungua. Kuanzia saa nne na kuendelea, miezi ya Agosti na Septemba, mimi simshushi mbwa ziwani mpaka jua lielekee Kongo.

Ziwa lenyewe linataka heshima. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, lenye kina kikubwa zaidi. Kina hicho hakiko katikati ya ziwa peke yake. Sehemu nyingi za ufukwe wa Kigoma, hasa kwenye miamba, unapiga hatua chache tu chini hakuna tena mchanga. Mbwa aliyekuwa anatembea majini ghafla anaogelea. Hana shida ziwa likiwa limetulia, lakini kiangazi upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yanapiga ufukwe kwa nguvu na kumsukuma mawe yalipo. Siku kama hizo tunatembea tu, haogelei.

Lakini mambo ya maji si mazito kama ya mchanga, kwa sababu mchanga una wenyewe.

Katonga na Kibirizi ni mialo. Ukishuka alfajiri baada ya usiku wa giza utakuta mitumbwi inaingia, wachukuzi wamejitwika mabeseni, bei zinapigiwa kelele, na akina mama wameshaanza kuanika. Dagaa humwagwa mchangani au kwenye chanja, zile meza za miti zilizotandikwa wavu na kuinuliwa juu ya ardhi. Wa chanja hubaki safi na bei yake ni nzuri. Wa mchangani hukaukia palepale, na mlaji ataosha mchanga jikoni kwake. Siku moja au mbili za jua kali zinatosha. Sasa fikiria mama aliyekopa kununua beseni zake za asubuhi, ameanika, amekaa pembeni na fimbo ya kufukuzia kunguru, na mimi natokea na mbwa aliyelowa. Mbwa akipita juu ya dagaa hao, au akakojoa kando yao, mtaji wa watu umeharibika. Wateja wanaona, na maneno ya mwaloni yanasafiri kuliko mitumbwi.

Kwa hiyo kamba shingoni mwa Popi si kwa ajili ya Popi. Ni kwa ajili ya huyo mama. Nakumbuka mmoja wa pale Katonga aliyenitazama tangu mbali, akaacha kuanika, akasimama.

"We baba, mbwa wako anang'ata?"

"Hang'ati mama, na nimemfunga."

"Mfunge hivyohivyo. Ukimwachia, hapa hamtapita tena."

Nikamwitikia. Alikuwa na haki yake, na mpaka leo tukipitana huwa ananisalimia mimi kwanza, halafu anamsalimia mbwa.

Jambo linalonifurahisha ni jinsi matembezi yetu yanavyofuata mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri na sola. Giza likiwa totoro, mwanga unawavuta dagaa kuja juu, nao wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Siku hizo chanja ni tupu na mchanga ni mpana. Mwenye mbwa akijua kuangalia mwezi hahitaji kumuuliza mtu ni lini ashuke ziwani. Wakati wa mbalamwezi Popi anapata ufukwe karibu wote, na bado siifungui kamba mpaka tumeipita mitumbwi, kwa sababu nyavu zinazoshonwa zinaumia kirahisi kwa kucha za mbwa, na ndoano zilizoanguka mchangani hazionekani mpaka zimeingia kwenye unyayo.

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mialo ilinyamaza. Kwetu sisi watembeaji nafasi ilikuwa tele, lakini niliona upande mwingine wa jambo. Kuna mbwa wasio na mwenyewe wanaoishi kwa vichwa vya migebuka na matumbo ya samaki yanayotupwa mwaloni, na miezi ile walikonda wakawa wanapanda mtaani kutafuta majalala. Watu wakaanza kuwapiga mawe. Mbwa koko ni mtu wa mwaloni kama mchukuzi. Mvuvi asipopata, naye hapati.

Kinyesi ndicho kitu ambacho wenye mbwa wengi hawataki kukizungumzia, nami nataka tukizungumzie. Mbwa wengi wana minyoo ya safura, na mayai yake hutoka na kinyesi. Kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli yanaanguliwa, na viluwiluwi vyake vinapenya kwenye ngozi ya mtu anayetembea peku. Utamwona mtoto ana mstari mwekundu unaojikunja mguuni, unawasha, kila siku umesogea kidogo. Watoto wa Katonga na Ujiji wanacheza ufukweni peku kutwa nzima. Kwa hiyo mimi hubeba jembe dogo la bustani na magazeti ya zamani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na sijaikumbuka. Gazeti linafanya kazi vizuri, na linaoza. Kinyesi ninakitoa mchangani na kwenda nacho, sikifukii palepale. Dawa ya minyoo Popi anapewa kila baada ya miezi mitatu.

Nilisema nitalirudia la kujikung'uta. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa siku nyingi. Watu wake wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa aliyelowa akikugusa, mahali alipokugusa panaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu yake na kutia udhu, anapita kandokando ya maji kwenda kuswali alasiri, hastahili kurushiwa matone na mbwa wangu. Nikimwona mtu wa namna hiyo kwa mbali namtoa Popi majini mapema, nakwenda naye pembeni upande upepo unakoelekea, namngoja akauke.

Mzee mmoja aliwahi kusimama na kunitazama nikifanya hivyo. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza kwa nini nimekimbilia kule. Nikamweleza. Akacheka, akaniambia watu wanasahau kwamba katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa, amelala kizingitini mwa pango, miguu ya mbele ameinyoosha, akiwa pamoja na wale vijana waliolazwa na Mungu. Akanisimulia na ile hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, Mungu akamsamehe. "Najisi ni mate," akasema, "roho yake haina kosa." Tukaagana. Tangu siku ile sioni ugumu wowote kupita Ujiji na mbwa. Ninachoona ni utaratibu wa watu, na utaratibu unafuatika.

Na kwa kuwa tuko Ujiji, kuna jambo la mbwa ambalo wageni wanaokuja kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 huwa hawaambiwi. Wote wawili walianza safari zao wakiwa na mbwa, na hakuna hata mmoja aliyefika naye. Stanley alitoka pwani na mbwa aitwaye Omar, akamfia njiani. Livingstone alikuwa na mbwa mdogo aitwaye Chitane. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, msafara ulikuwa ukivuka kinamasi kipana, maji kiunoni. Livingstone alikuwa ameshughulika kuwapanga watu wake wasifuatane kwa kusongamana, akamsahau Chitane. Aliandika katika shajara yake kwamba mbwa yule aliogelea mpaka akafa. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869, mgonjwa, na bila Chitane.

Habari hii hainitoki ninapomwona Popi anafuata kijiti mbali kuliko ninavyopenda. Mbwa hageuki kukuambia amechoka. Ataendelea kupiga miguu kwa sababu wewe uko ng'ambo na anataka kukufikia. Ukiona mkia umezama na kichwa kimeinuka sana juu ya maji, nguvu zinaisha. Hapo usimwite kwa ukali, ingia ukamchukue. Mimi sirushi kijiti mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kusimama.

Mahali pa kumbukumbu ya Ujiji, kwenye miembe, leo pako mbali na maji. Enzi za Livingstone ziwa lilikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango wa kutokea maji, na ulikuwa umezibika. Karibu mwaka 1878 maji yakafumua kizuizi, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kuanzia mwaka 2020 limepanda tena kwa kasi tuliyoiona wote kwa macho. Kibirizi maji yaliingia kwenye majengo, vichochoro vya mchanga tulivyovizoea vikapotea, na chanja zikasogezwa juu karibu na nyumba. Ufukwe ukiwa mwembamba, watu, nyavu, mbuzi na mbwa wanabanana, na ugomvi haukawii. Zamani ningeweza kumwachia Popi sehemu ambazo leo napita naye kamba fupi mkononi. Nadhani mwenye mbwa hana budi kukubali hivyo. Anayeanika dagaa anakula kwa mchanga huo. Mimi nimekuja kupunga upepo.

Hatari za majini ni mbili. Mamba wapo, hasa karibu na midomo ya mito kama Luiche, kusini mwa Ujiji, na Malagarasi mbele zaidi. Mbwa anayechapa maji kwa miguu anamwita mamba. Sehemu hizo sipeleki mbwa kabisa, asubuhi wala jioni, hata wenyeji wakisema wiki hii hajaonekana. Ya pili ni swila wa maji, ambaye Tanganyika ina aina yake isiyopatikana kwingine duniani. Anakula samaki na kukaa kwenye miamba. Sumu yake ni kali, ila hana tabia ya kumfuata mtu. Shida ni pua ya mbwa, inayotaka kuingia kila mwanya wa jiwe. Basi tunakaa penye mchanga mtupu, unaopigwa na mawimbi, mbali na matete. Huko kwenye matete na maji yaliyotulia ndiko konokono wa kichocho wanakoishi, na hilo linatuhusu sisi watu.

Kuna ufukwe mmoja ambao Popi hatauona kamwe, nao ni wa Gombe. Boti zinatoka Kibirizi kwenda kaskazini, na mgeni wa Kigoma mwenye mbwa mara nyingine hudhani anaweza kupanda naye. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, na naunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaotoka kwa mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama simba 1,000. Sokwe wa Gombe ni wachache na msitu wao ni mdogo. Kichaa cha mbwa hakichagui mnyama mwenye damu ya moto. Hata ungekuwa na kadi ya chanjo iliyojaa, Gombe si mahali pake.

Na bado bila mbwa pengine tusingeijua Gombe kama tunavyoijua. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika pale Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alikulia Bournemouth, mji wa pwani huko Uingereza. Utotoni alikuwa na rafiki, mbwa mweusi aitwaye Rusty. Maisha yake yote alirudia kusema kwamba Rusty ndiye mwalimu wake wa kwanza, aliyemfundisha kuwa mnyama ana tabia yake, akili yake na hisia zake. Wasomi walipomkatalia kuwapa sokwe majina, yeye alikuwa ameshafundishwa na mbwa. Mtu akiniambia mbwa ni mlinzi tu, hana zaidi, huwa namtajia Rusty.

Limebaki la chanjo. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani, asilimia 99, wanakipata kutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza huwa hakuna kupona. Mwaloni kuna watoto wengi na mbwa koko wengi, na Popi anakutana na wote. Anachanjwa kila mwaka kwa daktari wa mifugo, na mbwa mchanga huanza akiwa na miezi mitatu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki mwaka 1895 Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huo, na karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huendesha chanjo. Ulizia mapema ofisi ya mifugo ya manispaa. Mtoto aking'atwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Ukija Katonga na mbwa wako, mfunge kamba kabla hujateremka, si baada ya kufika. Salimia kwanza, wewe ndiye mgeni. Pita kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, maana hapo hakuanikwi kitu, na ukifika penye mitumbwi uliza upite wapi. Bodaboda wengi hawambebi mbwa, bajaji mmojammoja wanakubali ukiwa na kanga ya kumtandikia. Sisi huwa tunatembea, na kwa kawaida saa moja asubuhi tumeshafika.